Sauti Ndani, Sura Nje: Maisha ya Nat King Cole na Kipindi Chake cha Televisheni, 1956–1957

Utangulizi

Usiku wa Jumatatu, tarehe 5 Novemba 1956, shirika la utangazaji la NBC la Marekani lilianza kurusha kipindi kipya cha muziki cha dakika 15. Aliyekiongoza alikuwa Nat King Cole, mpiga piano na mwimbaji ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 37. Kwa mtazamaji wa leo hakuna la kushtusha ndani yake. Mtu mrefu aliyevaa nadhifu anaimba nyimbo za mapenzi taratibu, anatabasamu, anamkaribisha mgeni, kisha anaaga. Hata hivyo, muda wote wa uhai wa kipindi hicho hakuna kampuni kubwa iliyokubali kukibeba kwa nchi nzima kama vilivyobebwa vipindi vya waimbaji weupe wa kiwango chake, na baada ya miezi kumi na mitatu kilikoma.

Mwimbaji huyo hakuwa mgeni majumbani. Kwa zaidi ya miaka kumi sauti yake ilikuwa imeingia katika sebule za Wamarekani wa kila rangi, kwanza kwa redio na santuri, na aghalabu katika nyumba ambazo yeye mwenyewe asingekaribishwa kupita mlango wa mbele. Santuri haina uso. Anayeipenda sauti iliyomo anaweza kujisahaulisha mwenye sauti ni nani. Televisheni iliuondoa uwezekano huo, na ndiyo sababu miezi hiyo kumi na mitatu inafichua mambo ambayo mauzo ya mamilioni ya santuri hayakuyafichua. Maisha ya Cole, yakitazamwa kutokea hapo, si maisha ya mwimbaji mtamu tu kama ambavyo kumbukumbu za wapenzi wake zimezoea kuyahifadhi. Ni maisha ya mtu aliyependwa kwa masharti, akayafahamu masharti hayo, na akajaribu kuyapindua bila kupaza sauti.

Yafaa itajwe mapema kwamba Cole hakuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupewa kipindi cha televisheni. Hazel Scott, mpiga piano, alikuwa na chake mwaka 1950 katika shirika la DuMont, na mwimbaji Billy Daniels alikuwa na chake mwaka 1952. Vyote viwili vilikuwa vya muda mfupi. Kilichokitofautisha cha Cole ni umaarufu wa mwenyewe: kama kulikuwa na Mmarekani Mweusi ambaye wafanyabiashara wangeweza kumpa nafasi bila hofu ya hasara, ni yeye.

Kutoka Montgomery hadi Chicago

Nathaniel Adams Coles alizaliwa tarehe 17 Machi 1919 mjini Montgomery, katika jimbo la Alabama. Alikuwa bado mtoto mdogo familia yake ilipohamia Chicago, ikiwa sehemu ya wimbi kubwa la Wamarekani Weusi waliokuwa wakiyakimbia majimbo ya Kusini kutafuta kazi na usalama. Baba yake, Edward Coles, alikuwa mhubiri wa Kibaptisti. Mama yake, Perlina, alipiga kinanda kanisani, na ndiye aliyempa mwanawe masomo ya kwanza ya muziki. Watoto wa kiume katika nyumba ile, Eddie, Nat, Ike na Freddy, wote walikuja kuwa wanamuziki, jambo ambalo baba hakulitarajia wala, kwa muda mrefu, kulifurahia. Muziki wa kanisa ulikuwa halali kwake. Muziki wa jazi ulikuwa jambo jingine.

Lakini Chicago ya miaka ya 1920 na 1930 ilikuwa mji wa jazi, na kijana Nat alivutwa zaidi na Earl Hines, mpiga piano aliyeubadilisha mkono wa kulia ukawa kama tarumbeta. Athari ya Hines inasikika wazi katika santuri za kwanza za Cole, alizozirekodi mwaka 1936 akiwa katika bendi ya kaka yake Eddie. Mwaka uliofuata alizunguka na kundi la maonyesho la Shuffle Along, akamwoa Nadine Robinson, mchezaji ngoma wa kundi hilo, na kundi liliposambaratika huko Long Beach, California, wakabaki pwani ya magharibi bila kazi ya uhakika.

Huko Los Angeles, mwaka 1937, alianzisha kikundi cha watu watatu: yeye kwenye piano, Oscar Moore kwenye gitaa na Wesley Prince kwenye besi. Mpiga dramu hakuwemo. Wakati ambapo bendi kubwa za tarumbeta ndizo zilizotawala, kikundi kidogo kisicho na dramu kilionekana pungufu, lakini upungufu huo ndio uliokipa sifa yake: ala tatu zilisikilizana kama watu wanaozungumza kwa sauti ya chini. Wapiga piano wengi waliokuja baadaye, Oscar Peterson akiwa mmoja wao, walikichukua kikundi hicho kuwa kielelezo. Ray Charles, kabla ya kuipata sauti yake mwenyewe, aliimba kwa kumwiga Cole waziwazi. Jina la mfalme, King, lilitokana na wimbo wa watoto wa Kiingereza unaomtaja mfalme wa jina la Cole, na herufi ya mwisho ya jina la ukoo ikaachwa.

Iko simulizi inayopendwa sana kuhusu namna Cole alivyoanza kuimba. Husemwa kwamba mlevi mmoja katika baa alisisitiza apewe wimbo, na mpiga piano, asiyetaka fujo, akaimba kwa shingo upande. Ni hadithi nzuri, na kama hadithi nyingi nzuri zinazoelezea chanzo cha watu mashuhuri, haiaminiki. Kikundi hicho kiliimba tangu mwanzo, na Cole mwenyewe hakuikubali hadithi hiyo. Kinachofaa kuzingatiwa ni kwa nini imependwa. Inamfanya mwimbaji aonekane mtu aliyesukumwa tu, asiye na nia. Taswira hii ya mtu mpole anayetenda kwa kusukumwa ilimfuata hadi kaburini, na itaonekana hapa chini kwamba haikuwa sahihi.

Ngano ya tumbusi na kima

Wimbo uliomtoa Cole katika baa na kumfikisha nchi nzima ni Straighten Up and Fly Right, uliorekodiwa kwa kampuni changa ya Capitol mwishoni mwa mwaka 1943 na kupata umaarufu mwaka 1944. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi huo ndio wimbo wake wenye mvuto mkubwa kuliko zote, kwa kuwa msingi wake ni ngano ambayo Cole aliisikia katika mahubiri ya baba yake. Tumbusi huwadanganya wanyama wapande mgongoni mwake ili awatembeze angani, kisha huwabwaga na kuwala. Kima anapanda, lakini anapohisi hila anauzungusha mkia wake shingoni mwa ndege na kumkaba hadi anyooshe safari.

Msomaji wa ngano za Kiswahili hatakosa kuikumbuka hadithi ya kima na papa, iliyomo katika mkusanyo wa Edward Steere wa mwaka 1870. Humo pia kima anabebwa mgongoni na anayejidai rafiki, na humo pia anaokoka kwa akili, kwa kusema kwamba moyo wake ameuacha mtini. Kufanana huku hakutoshi kuthibitisha kwamba ngano hizo zina chimbuko moja, kwani visa vya aina hii vimesafiri sana duniani. Hata hivyo, dhima yake kwa jamii zinazovisimulia inalingana: mnyonge akiwa mgongoni mwa mwenye nguvu hana budi kujua pa kushika. Mhubiri Edward Coles aliitumia ngano hiyo kuonya waumini. Mwanawe aliiweka katika mahadhi ya kuchezeka, na hadhira ya weupe iliyoununua wimbo huo kwa wingi iliuona kuwa kichekesho cha wanyama.

Kuna kejeli chungu katika historia ya wimbo wenyewe. Cole, akiwa bado hana kitu, alikuwa ameiuza haki yake ya utunzi kwa mchapishaji Irving Mills kwa dola 50. Wimbo uliohusu kutodanganywa na anayekubeba ulimtajirisha aliyeununua.

Katika ngano hiyo na mahubiri yale inaelekea pia ndipo ilipo asili ya sifa moja ya Cole ambayo wapenzi wake huitaja kabla ya nyingine zote, yaani utamkaji. Alikulia chini ya mimbari, mahali ambapo neno lisiposikika halina kazi. Katika uimbaji wake kila konsonanti ina nafasi yake, irabu hazivutwi kupita haja ya maana, na pumzi hukatwa panapokatika sentensi. Sauti yenyewe haikuwa na upana mkubwa. Ilikuwa nzito kiasi, yenye ukwaru mwepesi kama kitambaa cha mahameli. Wanafunzi wa uimbaji mara nyingi hudhani kwamba wepesi huo ulikuwa wa kuzaliwa nao. Mtu akizisikiliza santuri za 1940 na za 1950 kwa kufuatana atasikia jinsi ulivyotafutwa.

Redio na hasara ya piano

Mkusanyo wa nyimbo za kikundi chake ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya kwanza kabisa ya albamu iliyotolewa na jarida la Billboard, Machi 1945. Tangu mwaka 1946 hadi 1948 kikundi kilikuwa na kipindi chake cha redio katika NBC, na kilidhaminiwa na watengenezaji wa mafuta ya nywele ya Wildroot. Jambo hili lina uzito kwa yatakayofuata. Katika redio, kampuni iliyokuwa ikiuza bidhaa zake nchi nzima ilikubali kufungamana na jina la Mmarekani Mweusi na haikufilisika. Lakini redio, kama santuri, haina uso.

Wimbo wa Krismasi aliourekodi mwaka 1946 ukiwa na zeze nyingi nyuma ya piano ulimfungulia njia nyingine. Ulifuatwa na Nature Boy mwaka 1948, Mona Lisa mwaka 1950 na Unforgettable mwaka 1951. Mpiga piano alisimama, akashika maikrofoni, na ala yake ikaachiwa wengine. Wahakiki wa jazi hawakumsamehe. Waliona kwamba mmoja wa wapiga piano bora wa kizazi chake amejiuza kwa nyimbo laini. Lawama hizo zina ukweli ndani yake, maana baadhi ya nyimbo alizozirekodi miaka ile hazikumstahili. Hata hivyo, albamu ya After Midnight, aliyoirekodi mwaka 1956 akiwa ameirudia piano, inaonyesha kwamba vidole havikuwa vimesahau lolote. Alikuwa amechagua, na uchaguzi ulimpa kile ambacho jazi isingempa, yaani hadhira ya taifa zima. Jengo la mviringo ambalo kampuni ya Capitol ililifungua Hollywood mwaka 1956 lilibatizwa na watu kuwa nyumba iliyojengwa na Nat.

Nyumba ya Hancock Park

Nyumba yake mwenyewe ilikuwa na kisa kingine. Ndoa yake na Nadine ilivunjika, na mwezi Machi 1948 alimwoa Maria Hawkins Ellington, mwimbaji aliyewahi kufanya kazi na bendi ya Duke Ellington. Harusi ilifanyika Harlem na kufungishwa na mchungaji na mbunge Adam Clayton Powell Mdogo. Mwaka huohuo wanandoa hao walinunua nyumba katika mtaa wa Hancock Park, Los Angeles, mtaa wa matajiri uliokuwa wa weupe watupu.

Hati za nyumba za mitaa ya aina hiyo zilikuwa na vifungu vilivyokataza kuuziwa watu weusi. Mwezi Mei 1948, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba mahakama haziwezi kuvilazimisha vifungu hivyo. Sheria kwa hiyo ilikuwa upande wa Cole. Majirani waliunda chama cha kumpinga na wakamjulisha kwamba hawataki watu wasiofaa wahamie mtaani. Jibu la Cole limebaki katika kumbukumbu za wengi: naye pia hakuwataka watu wa namna hiyo, na akimwona mmoja wao akiingia mtaani atakuwa wa kwanza kulalamika. Hakutukana wala hakubembeleza, na hakuhama. Aliishi katika nyumba hiyo hadi mwisho wa maisha yake, ingawa mwaka 1951 ilinusurika kupigwa mnada na serikali kwa ajili ya malimbikizo ya kodi. Binti yake Natalie, aliyezaliwa Februari 1950, alikulia humo.

Katika mtaa ule, bila shaka, palikuwa na santuri za Nat King Cole kabla ya Nat King Cole kufika.

Birmingham

Tarehe 10 Aprili 1956 Cole alikuwa akiimba katika ukumbi wa manispaa ya Birmingham, Alabama, mbele ya hadhira ya weupe. Hadhira ya weusi ilipangiwa onyesho lake peke yake. Akiwa katikati ya wimbo, wanaume kadhaa wa kundi la wabaguzi walivamia jukwaa na kumwangusha. Polisi, waliokuwa wamepata fununu, waliwakamata. Cole aliumia mgongo. Alirudi jukwaani kwa muda mfupi, hadhira ikamshangilia ikiwa imesimama, lakini hakuendelea na onyesho.

Lililomuumiza zaidi, inaelekea, lilikuja baadaye. Aliwaambia waandishi wa habari kwamba yeye ni mtumbuizaji, si mwanasiasa, na kwamba hakufahamu kwa nini avamiwe. Maneno hayo yalipokewa vibaya na Wamarekani Weusi. Ifahamike kwamba wakati huohuo, katika Montgomery alikozaliwa, watu weusi walikuwa wamekataa kupanda mabasi tangu Desemba 1955 na walikuwa wakitembea kwa miguu kwenda kazini kila siku. Mtu aliyekubali kuimba mbele ya hadhira zilizotenganishwa alionekana msaliti. Magazeti ya weusi yalimkosoa, viongozi wa chama cha NAACP cha kutetea haki za weusi walimlaumu, na katika baadhi ya baa za Harlem santuri zake ziliondolewa.

Cole alijibu kwa vitendo na kwa maandishi. Alijiunga na NAACP kuwa mwanachama wa maisha, na akaeleza hadharani kwamba alikuwa amekwisha kutoa fedha kuwaunga mkono wagomaji wa mabasi wa Montgomery na kwamba alikuwa ameyashtaki mahoteli yaliyomnyima chumba. Utetezi wake haukuwaridhisha wote. Kwa mhakiki wa leo, ukweli uko pande zote mbili: waliomlaumu walikuwa na haki ya kutaka zaidi kutoka kwa mtu mwenye hadhira kubwa kama yake, na yeye alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini ujasiri upimwe kwa kelele tu. Miezi saba baada ya Birmingham alikuwa mbele ya kamera.

Miezi kumi na mitatu

NBC ilikianzisha kipindi bila mdhamini, ikitumaini kwamba mdhamini atapatikana. Muundo wa televisheni ya Marekani wa wakati huo ulikuwa huu: shirika liliuza muda, kampuni ilinunua kipindi kizima au sehemu yake, na jina la kampuni likawa kama jina la ukoo la kipindi. Mtazamaji alipomkumbuka mwimbaji alikumbuka na sabuni. Mashirika ya matangazo ya biashara, ambayo mengi ofisi zake zilikuwa Madison Avenue, New York, yaliogopa kwamba wanunuzi weupe wa Kusini wataisusia bidhaa itakayofungamanishwa na uso mweusi. Hofu hiyo haikuwahi kupimwa. Ilirithiwa tu kutoka mkutano mmoja hadi mwingine, na vituo kadhaa vya Kusini vilivyokataa kukirusha kipindi viliipa nguvu.

Kipindi chenyewe kilikuwa kizuri. Nelson Riddle, mpangaji muziki bora wa nyimbo laini wakati ule, aliongoza okestra. Kilirushwa moja kwa moja, bila nafasi ya kusahihisha, na utulivu wa Cole chini ya masharti hayo ulikuwa somo kwa wenzake. Mwezi Julai 1957 kiliongezwa muda kikawa cha nusu saa. Kwa kuwa fedha hazikuwepo, wasanii wakubwa walijitokeza kwa malipo ya chini kabisa yaliyoruhusiwa na chama chao: Ella Fitzgerald, Harry Belafonte, Peggy Lee, Mel Tormé, Sammy Davis Mdogo, Eartha Kitt, Tony Bennett. Kwa kiwango cha kawaida bajeti ya kipindi isingemudu wageni wa aina hiyo. Walikuja kwa ajili ya mwenyeji.

Katika nyumba za Wamarekani Weusi, waliokuwa watoto wakati ule husimulia kwamba saa ya kipindi ilipokaribia watu waliitana, majirani wasio na televisheni wakaingia kwa wenye nazo, na kelele zikanyamaza. Hawakuwa wamezoea kumwona mtu wa rangi yao katika kioo kile asiyekuwa mtumishi wa nyumbani au kichekesho. Cole hakubeba sinia wala hakuviringisha macho. Alikuwa mwenye nyumba, na weupe waliofika walikuwa wageni wake. Kwa hadhira hiyo, adabu yake iliyolaumiwa baada ya Birmingham ilikuwa na maana nyingine kabisa. Mavazi, matamshi na namna ya kukaribisha vilikuwa hoja iliyotolewa kila juma bila kutamkwa. Ni kosa la uhakiki kuuchukulia ulaini huo kuwa ukosefu wa msimamo, kama ambavyo ingekuwa kosa kuichukulia ngano ya tumbusi kuwa habari ya ndege.

Hata hivyo, hoja hiyo ilikuwa na gharama. Inasimuliwa kwamba vipodozi alivyopakwa kwa ajili ya kamera viliififiza rangi yake. Uso uliokuwa umeingia sebuleni kwa shida ulitakiwa hata humo upunguzwe.

Wadhamini wa mikoa walipatikana, kampuni ya bia ya Rheingold huko New York ikiwa mojawapo, na kwa kuwaunganisha wengi wadogo NBC iliweza kukiendesha kipindi kwa muda. Mwezi Septemba 1957, wakati wanafunzi tisa weusi wakizuiwa kuingia shule ya Little Rock, Arkansas, na picha zao zikionekana katika televisheni hiyohiyo, ilikuwa wazi kwamba mdhamini wa taifa hatapatikana. Shirika lilipendekeza kukihamishia kipindi Jumamosi mapema jioni, saa ambayo watazamaji ni wachache. Hapo Cole alikataa. Kipindi cha mwisho kilirushwa tarehe 17 Desemba 1957.

Suala hili husimuliwa mara nyingi kana kwamba kipindi kilifutwa na NBC. Haikuwa hivyo. Shirika lilikuwa tayari kuendelea kwa masharti duni, na aliyekisimamisha ni Cole mwenyewe. Katika makala aliyoyachapisha katika jarida la Ebony mwanzoni mwa 1958 hakuilaumu NBC wala watazamaji wa Kusini. Aliwalaumu watu wa Madison Avenue, ambao kwa maelezo yake ndio walioogopa giza. Mtu aliyesemwa kuwa hajui siasa alikuwa ameuona kwa usahihi mahali ulipo uamuzi: si kwa mtu aliyerusha jiwe, bali kwa mtu aliyetia saini, au aliyekataa kutia saini, katika ofisi ya ghorofani.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1958 Cole aliigiza nafasi ya mtunzi W. C. Handy katika filamu ya St. Louis Blues. Mwaka huohuo alitoa albamu ya nyimbo za Kihispania, sehemu yake ikiwa imerekodiwa Havana. Hakukijua Kihispania, maneno aliyasoma kwa sauti yake tu, silabi kwa silabi. Wenye lugha waliusikia ugeni wake mara moja, na bado wakazinunua santuri hizo kwa wingi. Mwalimu wa lugha anaweza kupata humo mfano wa kufikirisha: mtu aliyejenga heshima yake juu ya utamkaji alikubali kuimba kwa lugha ambayo hakuimudu, na hadhira ikaupokea ugeni ule kama heshima aliyoifanyia lugha yao.

Ramblin' Rose ya mwaka 1962 ilimrudisha kileleni. Alikuwa akifanya kazi bila kupumzika na kuvuta sigara bila kupumzika, akiamini kwamba moshi huilinda ile sauti nzito. Mwishoni mwa 1964 aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu. Januari 1965 pafu moja liliondolewa. Tarehe 1 Februari baba yake, mhubiri mwenye ngano ya kima, alifariki dunia. Nat alimfuata tarehe 15 mwezi huohuo katika hospitali moja ya Santa Monica, akiwa na umri wa miaka 45, akazikwa Glendale, California.

Mwezi Septemba wa mwaka huo NBC ilianza kurusha mchezo wa I Spy, ambamo mwigizaji mweusi alishika nafasi sawa na mwenzake mweupe. Mwaka 1970, shirika hilohilo lilimpa mchekeshaji Flip Wilson kipindi cha burudani cha saa nzima. Wadhamini walikuwepo.

Natalie Cole, aliyekuwa ametimiza miaka 15 siku chache kabla ya kifo cha baba yake, alikuja kuwa mwimbaji mashuhuri na kwa muda mrefu alikwepa nyimbo za baba. Mwaka 1991 alirekodi Unforgettable kwa kuichukua sauti ya marehemu kutoka kanda ya zamani na kuimba naye kwa kupokezana. Katika filamu fupi iliyotengenezwa kwa ajili ya wimbo huo, binti anaimba akizitazama picha za baba yake zikicheza kwenye kioo.